Wakuu, kampuni kubwa ya ujenzi kama Vinci faida yao inatoka wapi hasa, na hili la mazingira linawaongezea hela au linawala?

KiuesiWaGoba

Wakuu habari za Jumapili. Mimi ni kiuesi (QS, mkadiriaji wa gharama za ujenzi) kwenye kampuni ndogo ya ukandarasi hapa Dar, ofisini tuko kumi na moja ukihesabu na dereva, kazi zetu ni barabara za mitaa, mitaro, makalvati, mara moja moja darasa au zahanati. Sasa bosi wetu ni mtu mzima, msomi, ila akishika kitu kichwani hakitoki. Juzi kaenda semina kwenye hoteli moja Masaki karudi anasema dunia imebadilika, ujenzi sa hivi ni mazingira, na kuna Wafaransa wanaitwa Vinci ndo mfano wa kuigwa. Kanipa wiki moja nimwandikie karatasi mbili: hao watu wanafanyaje, wanaingiza kiasi gani, mbele yao kukoje, na sisi tuokote nini hapo.

Nimeshusha matokeo yao ya 2024 nikakaa nayo jana usiku mpaka umeme ukakatika. Mapato euro bilioni 71.6. Faida baada ya kutoa kila kitu karibu euro bilioni 4.9. Kazi walizosaini ambazo bado hazijafanyika, euro bilioni 69.1. Nikapiga hesabu, kwenye kila euro 100 inayoingia wanabaki na kama 7. Hapo ndo nimekwama, mana mimi kazi yangu kila siku ni kupanga bei za tenda na faida ya zege naijua ilivyo nyembamba, ukiweka asilimia 10 jirani anakupiga kwa bei, ukishusha ili ushinde dizeli ikipanda kidogo tu unamaliza kazi unadaiwa na muuza kokoto. Hawa 7 safi baada ya kodi wanaitoa wapi kwa ukubwa ule?

La pili, kila ukurasa ni hewa ukaa, hewa ukaa. Wanasema watapunguza moshi wa shughuli zao wenyewe kwa asilimia 40 kufikia 2030 ukilinganisha na 2018. Mtu anayekula kwa saruji, lami na dizeli anapunguzaje 40 halafu faida inapanda? Au ni mapambo ya ripoti tu? Mwenye uelewa anifungue, ila tusiingie kwenye siasa tafadhali.

Nondo12

Hahaha usiingie kwenye siasa wakati hao jamaa wanaishi kwa tozo za barabarani. Kaa vizuri mkuu, wajuzi wanakuja.

MhasibuKisutu

Mkuu umefanya kosa moja tu, umechukua faida yote ukaigawa kwa mapato yote ukadhani ni mkate mmoja, kumbe ni mikate mitatu kwenye mfuko mmoja. Fungua sehemu wanapochambua kila biashara peke yake.

Mkate wa kwanza ni ujenzi wenyewe, ndo mkubwa kuliko yote kwa mapato, kama bilioni 32 hivi, na huko kwenye 100 wanabaki na kama 4 kabla hata ya kodi. Yani ni kama wewe tu, tofauti ni sifuri za mbele. Mkate wa pili ni kazi za umeme na nishati, bilioni 27 na kitu, huo una nafuu kidogo. Mkate wa tatu ni barabara za kulipia na viwanja vya ndege walivyopewa kuviendesha kwa mkataba wa miaka mingi. Barabara za Ufaransa peke yake ni zaidi ya kilomita 4,400, fikiria uende Mwanza urudi, uende tena urudi, karibu ndo hiyo, na mwendo wote huo unakutana na vibanda vyao. Mapato ya hizo barabara hayafiki hata bilioni 7, kwenye ile 71.6 ni kama chumvi, lakini kwenye kila euro 100 ya tozo zaidi ya 70 inabaki kabla ya riba, kodi na uchakavu. Lami ilishawekwa zamani, deni lipo ndio, ila gari likipita hela imeingia, mvua inyeshe isinyeshe.

Kwa hiyo zege linawapa jina, tozo inawapa faida. Bosi wako akisema tuwe kama Vinci muulize kwanza sisi tuna barabara gani ya kukusanya tozo.

Viwanja vya ndege navyo ni hivo hivo, wana hisa kubwa Gatwick kule London tangu 2019, Edinburgh wakaongeza 2024, na Cape Verde wanaendesha viwanja saba. Vyote kwa pamoja mwaka 2024 vimepitisha abiria zaidi ya milioni 300.

MkaziKigamboni

Mhasibu umeongea, ila mimi ambaye navuka Daraja la Nyerere asubuhi na jioni niongeze upande wa anayelipa. Lile daraja limefunguliwa 2016, mfuko wa hifadhi ya jamii umetia hela yake na serikali ya kwake, halafu sisi tunalipa kuvuka. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa kwenye karatasi. Kilichotokea mnajua, watu wamelalamika weee, mwaka 2022 tozo ikashushwa. Mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini ukikaa upande wa aliyeweka hela, mapato yake yamebadilishwa na kelele za watu wa Kigamboni.

Sasa nenda Ufaransa ni kitu kile kile. Wananchi wanaona kampuni za barabara zinapiga hela sana, serikali ikaja na kodi mpya kuanzia 2024, asilimia 4.6 ya mapato kwa waendeshaji wa miundombinu ya safari ndefu wanaopata faida nono. Na mikataba yenyewe ina tarehe ya kufa, mmoja unaisha 2032, mwingine 2034, mkubwa 2036. Kiuesi ukimwandikia bosi wako habari za "mbele yao kukoje" anzia hapo, usianzie kwenye miti na ndege wa angani. Ng'ombe anayetoa maziwa amekopeshwa, mwenyewe atakuja kumchukua.

Na hili la magari ya umeme haliwaui, mana gari la umeme nalo linalipa tozo vile vile. Wao wameshaweka chaja kwenye vituo vyao vya mapumziko vyote. Wewe unasimama nusu saa unachaji, unanunua kahawa na mkate. Wanaolia ni wauza mafuta.

FundiWaLaini

Habari wakuu, mimi ni mtu wa umeme mkubwa, nimetambaa kwenye minara miaka mingi, kwa hiyo niachieni huo mkate wa pili mana naona mmeuruka kama mboga za majani.

Mwishoni mwa 2021 Vinci wamenunua kampuni ya Kihispania inaitwa Cobra kutoka kwa kampuni nyingine ya ujenzi ya Hispania, ACS, karibu euro bilioni 5. Watu walijiuliza kwanini mjenzi wa barabara anatoa hela yote hiyo kwa watu wa nyaya. Jibu liko Bahari ya Kaskazini. Wajerumani wamesimika mapanga ya upepo kule baharini, viwanda vyao vikubwa vipo kusini, katikati hapo kuna mamia ya kilomita, na umeme ukienda mbali vile chini ya maji inabidi ugeuzwe kuwa wa mkondo mmoja kwenye jukwaa kubwa la chuma limesimama baharini, halafu ukifika nchi kavu ugeuzwe tena. Hayo majukwaa Cobra ni kati ya wachache wanaoyaweza. Wana na mashamba ya sola Brazil, wanajenga wenyewe na kuendesha wenyewe.

Kwa hiyo Kiuesi swali lako la kuongeza au kula, kwenye mkate huu mazingira yanaongeza, tena sana. Kila nchi inayofunga mtambo wa makaa inabidi inunue laini mpya, vituo vya kupoza umeme vipya, transfoma mpya. Zile bilioni 69.1 za kazi za mkononi ukizigawa kwa mapato ya umeme na ujenzi ya mwaka unapata kama miezi 14 ya kazi bila kutafuta tenda nyingine. Wewe una miezi mingapi?

Na usidhani hiyo ni habari ya Ulaya tu. Bwawa la Nyerere lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, wamejenga Arab Contractors na Elsewedy wa Misri. Haya, umeme umezalishwa Rufiji, Mbagala unafikaje, kwa mguu? Laini ya kilovoti 400 mpaka Chalinze, kituo pale Chalinze, na kutoka Chalinze kuelekea Dodoma laini nyingine ya ukubwa huo huo. Treni ya umeme imeanza Dar mpaka Dodoma 2024, nayo ina vituo vyake njia nzima. Kila nguzo ya mnara ina msingi, kila msingi una zege, kila zege lina njia ya kufika saiti ambayo mtu kaichonga na greda. Kampuni ndogo za Dar zimekula kwenye hizo njia na hiyo misingi, waulizeni wa Kibaha na Chalinze watawaambia.

MzeeWaZege

Niko saiti mwaka wa 19 huu, niseme la hiyo asilimia 40 mana naona kijana kaishangaa sana. Soma neno "wenyewe". Hapo wanahesabu magreda yao, malori yao, mitambo yao ya lami, umeme wa ofisi zao. Saruji na nondo wanazonunua haziko humo, ziko kapu lingine, na kapu hilo ambalo ndo kubwa kuliko yote lengo lake ni asilimia 20 tu kufikia 2030 ukilinganisha na 2019. Viwanja vya ndege nao ni hivo hivo, taa na magari ya kiwanja yanahesabiwa kwao, moshi wa ndege uko kwenye hilo kapu la pili. Sisemi wanadanganya, wameandika wazi kabisa, ila msomaji anasoma kichwa cha habari anaondoka.

Kwanini kapu la saruji ni gumu? Saruji mama yake ni klinka, na klinka ni mawe ya chokaa yamechomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,450 huko. Lile jiwe lenyewe likiungua linatoa hewa ukaa, ipo ndani ya jiwe. Ata ungechoma kwa kuni, kwa gesi, kwa jua, inatoka tu. Hapa kiwanda cha saruji cha Wazo wanatumia gesi ya Songo Songo miaka mingi sasa, moto wao ni msafi kuliko wa makaa, lakini jiwe ni jiwe. Dawa ni kupunguza klinka kwenye mfuko, unachanganya na vitu vingine, mabaki ya viwanda vya chuma, jivu, au pozolana, yale majivu ya volkano ambayo sisi Mungu katupa bure Songwe na kule Holili. Vinci zege lao la namna hiyo wanaliita Exegy na wanasema ikifika 2030 asilimia 90 ya zege lao liwe la hewa ukaa kidogo.

Sasa njoo Dar. Kiuesi kesho ukipita hadwea geuza mfuko usome pembeni, kuna CEM II, kuna CEM IV, hizo ni aina za saruji, kuna 32.5 na 42.5, hizo ni nguvu zake. Hiyo 32.5 mara nyingi klinka yake ni kidogo, mana imechanganywa zaidi. Fundi wa mjini ukimwambia plasta anataka 42.5, ukimwambia kujengea tofali anataka 42.5, ukimuuliza kwanini anakwambia "hiyo ndo ngumu bosi". Nimeshawahi kupiga plasta ya 42.5 nyumba nzima huko Kinyerezi, wiki mbili ukuta umepasuka kama ramani ya mito, na mwenye nyumba kanisimamisha juani nimweleze. Sikuwa na la kueleza.

Na kupima. Vijana wanapima kwa toroli, toroli moja imejaa mpaka inamwagika, nyingine nusu, mchanga umelowa, maji wanakisia kwa jicho, injinia akitokea wanaongeza mfuko ili zege lionekane jeusi. Tulipewa kalvati moja maeneo ya Pugu nikawatengenezea masanduku ya mbao ya kupimia, ya kawaida kabisa, mbao nne na mishikio miwili. Tumemaliza kazi imebaki mifuko 34 stoo na vipande vya majaribio vyote vimepita maabara. Bosi alidhani tumeiba mahali.

Nondo12

Mzee unaongea kama vile unataka kugombea 😂 ila hiyo ya toroli ni kweli, nimeona.

DadaWaTenda

Wapendwa mmeongea vizuri lakini mmesahau kitu kinachoua kampuni za hapa kuliko saruji na hewa ukaa zote. Hela kuchelewa.

Angalieni tena hiyo ripoti, faida ni bilioni 4.9 lakini hela taslimu iliyobaki baada ya shughuli na matumizi yao ya mtaji ni 6.8. Imezidi faida! Mhasibu atafafanua zaidi, ila kwa lugha ya jikoni ni kwamba tozo zinaingia kila siku, malipo ya awali wanachukua mapema, na wanaowadai wanalipwa baadaye. Sisi ni kinyume chake. Nimekaa na cheti cha malipo, karatasi ya kulipwa kazi iliyokwisha fanyika, cha taasisi moja ambayo sitaitaja miezi kumi na mmoja, kila nikienda naambiwa mama liko kwenye mchakato, huku benki inakata riba na kijana wa greda ananipigia saa kumi na moja alfajiri. Kwenye vitabu nilikuwa na faida, mfukoni sina nauli ya kwenda kufuatilia hiyo faida.

Ndo maana benki ya CRDB walipotoa ile hatifungani ya Samia (yani wananchi wanaikopesha hela kwa riba) mwishoni mwa 2024 kwa ajili ya wakandarasi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mimi nilishika kichwa nikasema kumbe tatizo linajulikana. Walitaka bilioni 150 za shilingi, watu wakaleta zaidi ya 320, riba 12 kwa mwaka kwa miaka mitano. Na 2023 ile ya Kijani walitaka 40 wakapata zaidi ya 170. Mamlaka ya maji Tanga nao 2024 wakatoa yao ya kijani ya bilioni 53 na kitu kwa asilimia 13.5, miaka kumi. Kwa hiyo hela za mazingira hapa hapa nyumbani zipo, wanaozitoa ni walimu na wastaafu na vikoba, tatizo ni sisi wakandarasi kufika kwenye foleni tukiwa na makaratasi.

Na hapa Kiuesi nakuomba unisikilize mana hii ni kazi yako. Miradi yenye hela za Benki ya Dunia, mfano huu wa bonde la Msimbazi ambao wameweka dola milioni 200, kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake, kuna vipengele vya mazingira na jamii. Vumbi, kelele, taka, maji machafu, usalama wa wafanyakazi, utaratibu wa malalamiko ya wananchi. Watu wanafikia pale wanaandika laki tano jumla wanapita, wanakimbilia zege. Halafu mkishapata kazi mshauri anataka ripoti kila mwezi, anataka afisa mazingira mwenye cheti, anataka gari la maji linamwaga mara mbili kwa siku, na msipotimiza anashikilia cheti chenu cha malipo. Laki tano hiyo hailipi hata mafuta ya boza wiki moja. Nimeona kampuni ya rafiki yangu imelala kwa hicho kipengele. Kwa hiyo mkiuliza mazingira yanaongeza au yanakula, kwa mdogo inategemea umeyawekea bei au umeyaandika ili kujaza nafasi.

MkaziKigamboni

Dada pole sana. Na kazi zenyewe zitakuwepo tu, angalieni mvua za 2024, Jangwani mabasi ya mwendokasi yamesimama, kimbunga Hidaya kimekuja Mei kikakata barabara ya Lindi kule Somanga hatujui tunapitia wapi. Kila ikinyesha kuna kalvati inatakiwa kuwa kubwa kuliko ya zamani.

FundiWaLaini

Na serikali imepandisha kiwango cha kazi zinazotengwa kwa wakandarasi wazawa kutoka bilioni 10 mpaka 50. Kisingizio cha Wachina kimepungua.

Nondo12

Kisingizio hakijapungua, mtaji ndo haujaongezeka.

KiuesiWaGoba

Wakuu nimerudi. Nimeandika karatasi tatu badala ya mbili, bosi kasoma ya kwanza akaanza kuuliza maswali. Nilipomwonyesha kwamba kwenye ujenzi wenyewe hao Wafaransa wanabaki na 4 tu kwenye 100 alikaa kimya muda mrefu, feni inazunguka, halafu akasema "kumbe na wao wanahangaika". Nadhani ilimfariji kuliko kitu chochote nilichoandika.

Kwenye tozo akacheka, akaniambia tukusanye tozo labda kwenye geti la yadi yetu. Kwenye nyaya akasema daraja letu la usajili wa ukandarasi haliruhusu, ila misingi na njia za kufikia minara tunaweza, nitafute nani ana kazi hiyo Chalinze tuwe wadogo wake. FundiWaLaini nakufuata inbox kaka usinikimbie.

Kwenye masanduku ya kupimia kabisha dakika ishirini, kwamba vijana wake wana uzoefu. Nikamwambia mzee mmoja wa miaka 19 saiti kabakisha mifuko 34. Akasema basi chonga mawili tujaribu, ila mbao zitoke kwenye zile za zamani za fomu za kumwagia zege, zisinunuliwe. MzeeWaZege nipe vipimo vya ndani tafadhali, urefu upana na kina, kwa mfuko mmoja wa kilo 50.

Dada, hicho kipengele cha mazingira kwenye tenda ya mtaro tunayoandaa sa hivi, nimerudi kukiangalia. Tulikuwa tumeandika laki tatu na nusu. Nimeanza upya na boza, afisa mazingira, buti, na mabango, imefika milioni tisa na bado sijaweka mambo ya kupima vumbi. Bosi hajaiona.

DadaWaTenda

Inafungwa lini?

KiuesiWaGoba

Alhamisi saa nne asubuhi.

DadaWaTenda

Mwonyeshe leo leo, na muwe mmeshapakia kila kitu Jumatano jioni.

MzeeWaZege

Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35. Kwa ndani weka sentimita 35 kwa 33 kwa 30, inakuja hapo hapo, sanduku moja la kokoto au mchanga sawa na mfuko mmoja wa saruji. Mishikio itokeze pande zote mbili ibebwe na watu wawili, ukiweka upande mmoja watalimwaga. Na mchanga ukilowa unavimba, waongezee kidogo.